Wito Wenye Ukomo: Mchezaji wa Zamani wa Twiga Stars na Fikra za Ufipa

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa ya dini imeyagusa kwa nadra ni lile linalohusu wito ambao, kwa asili yake, hauwezi kudumu hadi kifo cha aliyeitwa. Wito, kwa maana inayotumika hapa, ni hali ya mtu kutambua kwamba kazi fulani inamdai yeye hasa, kwamba vipawa alivyojaliwa vinaelekea huko, na kwamba akiikwepa kazi hiyo atakuwa amekwepa kitu kilichomo ndani ya nafsi yake, hata kama hapatatokea mtu wa kumlaumu. Wanateolojia wamejadili sana namna wito unavyoanza na namna unavyopimwa, lakini namna unavyokwisha hawakuihangaikia, kwa kuwa katika mifano yao mingi anayeitwa huitika mara moja na kubaki katika kuitika huko mpaka siku ya maziko yake. Mchezaji wa mpira wa miguu hamo katika mifano hiyo, na mchezaji mwanamke hamo kwa sababu zaidi ya moja.

Ufipa ni mahali panapofaa kuliweka swali hili. Nyanda hiyo ya juu, iliyoinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Ziwa Rukwa, ni miongoni mwa sehemu za Tanzania ambako Ukatoliki umezama kwa kina katika maisha ya kila siku, kiasi kwamba mtu akitaja wito mbele ya wazee wa Sumbawanga, wa Mollo au wa vijiji vya Nkasi, wanaofikiriwa kwanza ni padri na sista. Hali hiyo ina historia yake. Wamisionari wa Afrika, walioitwa Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao, waliipokea ngome ya Karema kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885, pale ukingoni mwa ziwa ambapo leo ni Mkoa wa Katavi, na masista wa shirika lililo ndugu na lao wakafika hapo mwaka 1894. Karema ndiko alikofanyia kazi Adriano Atiman, aliyezaliwa Afrika Magharibi, akachukuliwa mtumwa akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, kisha akatibu wagonjwa na kufundisha dini kando ya Ziwa Tanganyika tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1956. Mwazye, upande wa kusini wa nyanda hiyo, ndiko alikozaliwa mwaka 1944 Polycarp Pengo, aliyekuja kuwa Kardinali na Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Katika maisha ya namna hii miaka humwongezea aliyeitwa: mikono ya tabibu inapotetemeka, ushauri wake unakuwa umekomaa, na askofu anapokabidhi jimbo, kama Pengo alivyofanya mwaka 2019, hakuna Mkatoliki anayesema kwamba huyo si askofu tena. Mafundisho ya Kanisa yanaeleza jambo hilo kwa kusema kwamba sakramenti ya daraja huacha rohoni muhuri usiofutika, yaani alama ambayo wala uzee, wala kustaafu, wala hata dhambi haiwezi kuiondoa.

Mchezaji hana muhuri wa namna hiyo. Chombo cha wito wake ni mwili, na mwili huo huanza kumwacha katika umri ambao mapadri wengi ndio kwanza wanapata upadirisho. Anaanza akiwa binti wa shule, anaitwa timu ya taifa kabla au punde baada ya kutimiza miaka 20, na akifika miaka 30 na kitu goti au mapafu humwambia lile ambalo kocha analionea haya kulisema, naye hutundika daluga, kama wapenzi wa kabumbu wanavyosema kuhusu anayestaafu kucheza. Kuanzia siku hiyo ataitwa mchezaji wa zamani, na akijaliwa umri mrefu atabeba jina hilo kwa miaka mingi kuliko ile aliyocheza. Swali ni kama wito huo ulikuwa wito kweli, au ulikuwa shughuli ya ujana iliyopewa jina kubwa kuliko kimo chake.

Kwa Tanzania, kizazi kinacholiweka swali hili wazi zaidi ni kile cha Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, iliyofuzu kwa mara ya kwanza fainali za ubingwa wa Afrika mwaka 2010 baada ya kuzitoa Ethiopia na Eritrea. Kocha wake alikuwa Charles Boniface Mkwasa, naye mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya wanaume. Katika fainali hizo, zilizofanyika Afrika Kusini, Tanzania ilifungwa na wenyeji mabao 2-1, ikafungwa na Mali 3-2, ikafungwa na Nigeria 3-0, ikarudi nyumbani bila pointi hata moja. Anayeyasoma matokeo hayo peke yake ataona habari ya kushindwa tu. Anayekumbuka kwamba ligi kuu ya wanawake ya Tanzania Bara ilikuja kuanza katika msimu wa 2016/17, na kwamba bingwa wake wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens, ataona jambo jingine, yaani wanawake waliokutana na Nigeria na Afrika Kusini bila kuwa na ligi ya nyumbani ya kuwanoa wiki hadi wiki. Timu hiyo ilitwaa ubingwa wa CECAFA, yaani wa ukanda wa Afrika Mashariki na Kati, nchini Uganda mwaka 2016 kwa kuifunga Kenya 2-1 katika fainali, na ikautwaa tena mwaka 2018. Haikurudi katika fainali za Afrika hadi Julai 2025 huko Morocco, na kufikia hapo wengi wa wale wa 2010 walikuwa wameshatundika daluga.

Nahodha wa kizazi hicho alikuwa Sophia Mwasikili, beki wa kati, ambaye alipata pia kucheza soka nchini Uturuki. Inafaa kukaa kidogo juu ya kazi ya beki wa kati, kwa sababu wanafalsafa wanaoidharau michezo huidhani kuwa kazi ya misuli. Beki mzuri huanza kukaba kabla mpira haujapigwa: anasoma bega la mshambuliaji ajue ataelekea upande gani, anampima kiungo anayetaka kutoa pasi kama ameinua kichwa au ameinamisha, anamwita beki wa pembeni apande hatua mbili ili mtego wa kuotea ukamilike, kisha anageuza nyonga zake mapema ili asikutwe amesimama mraba wakati mshambuliaji tayari anakimbia. Yote hayo hufanyika kwa muda mfupi kuliko ule wa kuyasoma hapa, na hakuna hata moja ambalo kwanza huwazwa kichwani kisha likatumwa miguuni kama barua. Akili ya mchezaji hukaa katika nyonga, katika nyayo na katika pembe ya jicho. Ndiyo maana mwisho wa mwili unaocheza ni mwisho wa namna moja ya kufikiri, jambo ambalo wale wanaowafariji wachezaji kwa kuwaambia kwamba bado wana akili zao hawajalielewa.

Hapa fikra za Wafipa wenyewe zina la kusema. Roy Willis, mtaalamu wa elimu ya jamii na tamaduni za watu aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alieleza kwamba Wafipa waliuona mwili wa binadamu, na kupitia mwili waliiona jamii, kama muungano wa kichwa na kiuno. Kichwa kilihusishwa na nuru, busara, ukubwa wa umri na mamlaka ya kiume, na kiuno kilihusishwa na giza, uzazi, ujana na uke, lakini pande hizo mbili hazikuwa bwana na mtumwa, kwa kuwa kila upande ulimhitaji mwenzake ili maisha yasonge mbele. Mtu katika fikra hizo huzaliwa akiwa hajakamilika, na hukua kwa kuunganisha vilivyo juu na vilivyo chini. Ingawa mpangilio huo umempa mwanaume upande wa kichwa, na hilo halina haja ya kupambwa, una fadhila moja ambayo falsafa nyingi za kale za Ulaya hazikuwa nayo: hauufanyi mwili wa chini kuwa gereza la roho. Mwanamke anayekaba kwa nyonga zake na kuamua kwa nyonga hizo hizo ameuvuruga mpangilio huo kwa namna ambayo wenye mpangilio wenyewe wangeweza kuielewa.

Masimulizi ya asili ya dola za Ufipa yanakwenda mbali zaidi. Inasimuliwa kwamba mwene wa Milanzi, yaani mtawala wa kale aliyekuwa na makao yake kwenye mlima wa jina hilo karibu na Sumbawanga, alikwenda kuwinda na kumwachia mkewe agizo kwamba wageni wakija wasikalie kigoda chake. Wakaja wanawake wageni wa ukoo wa Watwa, ambao hawapaswi kuchanganywa na wawindaji wa misituni wenye jina linalofanana nalo, na mmoja wao akakikalia kigoda. Utawala wa nchi ukapita kwa hao wageni na wazao wao, na mwene wa Milanzi akabaki na mlima pamoja na heshima ya kikuhani, yaani mamlaka ya mambo ya ibada na baraka ya ardhi. Masimulizi haya yamechambuliwa kwa njia nyingi, lakini jambo linalopaswa kumshangaza msomaji wa leo ni kwamba mwenye kigoda, aliporudi na kukuta kimekaliwa, hakuwaangamiza waliokikalia. Mamlaka yaligawanywa, na mgawanyo huo ukawa msingi wa nchi.

Historia ya soka la wanawake duniani ni historia ya kigoda kilichokaliwa mwenyewe akiwa hayupo, ila mwisho wake ulikuwa mwingine. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanaume wa Uingereza walipokuwa vitani na ligi yao imesimama, wanawake wa viwandani waliunda timu, na tarehe 26 Desemba 1920 mechi ya timu iliyoitwa Dick, Kerr Ladies kwenye uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool ilitazamwa na watu wapatao 53,000. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1921, chama cha soka cha England kilivipiga marufuku vilabu vyake kuwapa wanawake viwanja, kikidai kwamba mchezo huo hauwafai, na marufuku hiyo ikadumu kwa takriban nusu karne. Brazil iliweka marufuku yake kwa amri ya serikali mwaka 1941. Mwenye kigoda alirudi kutoka mawindoni na kuwafukuza wageni, na wale waliokuwa wamecheza mbele ya maelfu wakageuzwa kuwa wachezaji wa zamani kwa siku moja, wakiwa bado na nguvu miguuni.

Ufipa nayo haina budi kukiri makatazo yake. Wafua chuma wa nyanda hiyo walijenga matanuri marefu ya udongo, yaliyoitwa malungu, baadhi yakifikia kimo cha mita 3 hivi, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, na mabaki yake bado yanaonekana katika maeneo mbalimbali. Tanuri jipya lilitendewa kama bibi harusi, na chuma kilichotoka humo kilifikiriwa kama mtoto anayezaliwa, lakini wanawake walio hai hawakuruhusiwa kusogea wakati wa kuyeyusha, na wafuaji walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Uke uliheshimiwa kama ishara na kuzuiliwa kama mtu. Ni kawaida kabisa kwa jamii, si ya Wafipa pekee, kuuimba uke, kuuchora na kuupa majina ya kifahari huku ikimfungia mlango mwenye nao.

Swali la mwisho wa kucheza liliingia katika mjadala wa kitaifa mwezi Agosti 2021, pale Rais Samia Suluhu Hassan, akizungumza Ikulu katika hafla ya kuwapongeza vijana wa kiume waliotwaa ubingwa wa CECAFA wa chini ya miaka 23, alipogusia wachezaji wa kike. Maneno yake kuhusu maumbile yao na uwezekano wao wa kuolewa yalipingwa na wengi, ndani na nje ya nchi, na upinzani huo ulikuwa na haki yake. Lakini kelele za mjadala zilifunika swali jingine lililokuwamo katika hotuba hiyo hiyo, yaani mabinti hao wataishi maisha gani miguu itakapokuwa imechoka na afya ya kucheza haipo tena. Hilo ni swali zito, na aliyeliuliza hakukosea kuliuliza. Kosa liko katika jibu lililodhaniwa kuwa linajulikana tayari, yaani kwamba ndoa ndiyo inayoukamilisha mwili wa mwanamke, na kwamba mchezo unaoupunguzia mwili huo uzuri wa kuolewa unaupunguzia ukamilifu wenyewe. Mchezaji mwanaume anayestaafu huulizwa kama amejenga nyumba; hakuna anayemuuliza kama kifua chake bado kinampendeza mtu.

Dini zilizoenea Tanzania zina akiba kubwa ya fikra juu ya suala hili kuliko inavyodhaniwa na wale wanaozitumia kukataza. Katika Uislamu mwili ni amana, yaani kitu ambacho mtu amekabidhiwa na Mola wake akitunze na ataulizwa juu yake, na amana si hoja ya kuuficha mwili usitumike, kwa kuwa kilichowekwa amana huharibika pia kwa kutotumiwa. Mapokeo ya Hadithi yamehifadhi habari mashuhuri ya Bi Aisha kushindana mbio na Mtume: mara ya kwanza akamshinda, na baadaye, mwili wake ulipokuwa umenenepa, akashindwa. Wahubiri huitumia habari hiyo kufundisha upole wa mume kwa mke. Kwa mjadala huu ina uzito mwingine, kwa sababu inaonyesha mwili wa mwanamke ukibadilika kwa kupita kwa miaka, mbio ya pili ikikimbiwa bila aibu, na ushindi wa mbio ya kwanza ukibaki katika kumbukumbu bila kufutwa na ile ya pili. Zanzibar, ambako filamu ya Florence Ayisi ya mwaka 2007, Zanzibar Soccer Queens, iliifuata timu ya Women Fighters, wanawake Waislamu walicheza na kubishana juu ya mavazi na heshima bila kuiacha dini yao. Bodi inayotunga sheria za soka duniani ilikuja kuruhusu rasmi kufunika kichwa uwanjani mwaka 2014, na mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco akawa wa kwanza kuvaa hijabu katika Kombe la Dunia.

Upande wa Ukristo, Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba iko fadhila inayohusu kucheza, yaani tabia njema ya kujua kucheza kwa kiasi, na kwamba anayekataa mchezo wowote ana upungufu wa tabia. Sababu aliyoitoa ni kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na mchezo huipumzisha ili irudi kazini. Mafundisho hayo ni mazuri kwa mkulima wa Mollo anayetazama mechi Jumapili baada ya Misa, lakini hayamfai anayecheza mechi hiyo kama kazi yake, kwa maana yeye hachezi ili apumzike. Idara ya Vatikani inayoshughulikia walei, familia na uhai ilitoa mwaka 2018 waraka kuhusu michezo uliokwenda mbele zaidi ya Thomas, ukiuangalia mchezo kama mahali ambapo mtu mzima, mwili na roho, hutoa kilicho bora ndani yake. Hata hivyo swali la yule ambaye hana tena cha kutoa uwanjani linabaki.

Kuna majibu matatu yanayoweza kutolewa, na mawili kati yake ni ya haraka mno. Jibu la kwanza ni la muhuri: aliyewahi kuivaa jezi ya taifa amebeba alama isiyofutika, hivyo hakuna mchezaji wa zamani, bali mchezaji asiyecheza. Jibu hilo linavutia, na mashabiki hulitumia kila wanapoendelea kumwita mtu nahodha miaka 15 baada ya kukivua kitambaa. Lakini linakataa ukweli wa mwili. Padri mzee bado anaweza kuadhimisha Misa ile ile kwa sauti dhaifu, na Misa hiyo ikawa kamili; beki wa miaka 50 hawezi kumkaba mshambuliaji wa miaka 20, na kumwambia kwamba bado ni mchezaji ni kumfariji kwa uongo.

Jibu la pili ndilo linalopendwa na maofisa na wahisani, nalo husema kwamba thamani ya miaka ya kucheza iko katika kile kinachoota baadaye. Mkulima wa Ufipa hulima kwa tuta la mviringo linaloitwa intumba: hupindua udongo juu ya majani mabichi wakati mvua bado zinanyesha, akayafunika yaoze ndani, akapanda maharage juu yake, kisha msimu unaofuata akalisambaza tuta lote shambani ili ulezi au mahindi yapate rutuba. Tuta limekwisha, lakini halikupotea. Ndivyo inavyosemwa kuhusu mchezaji: kwamba aliyecheza amekuwa mbolea ya kocha, ya kiongozi, ya mama mwenye nidhamu, ya mfano wa kuigwa na wasichana. Mfano ulio karibu ni Esther Chabruma, mchezaji wa zamani wa Twiga Stars, aliyekuja kuwa kocha wa JKT Queens, timu iliyotwaa taji la ukanda wa CECAFA mwaka 2023 na kwenda kucheza Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika huko Côte d'Ivoire. Hiyo ni safari ya kuheshimiwa, na kwa lugha ya Willis mtu angeweza kusema kwamba ni safari ya kutoka kiunoni kwenda kichwani. Ubaya wa jibu hili ni kwamba linamgeuza msichana wa miaka 22 aliyekuwa akicheza kuwa malighafi ya mwanamke wa miaka 40, na wale ambao hawakuwa makocha wala viongozi linawaacha kama tuta lisilozaa. Binadamu si udongo, na kila umri wake unadai kuhesabiwa kwa haki yake wenyewe.

Jibu la tatu linahitaji tofauti iliyowekwa na Aristotle katika kitabu cha tisa cha Metafizikia. Yako matendo, alisema, ambayo mwisho wake uko nje yake, kama kujenga nyumba: wakati mtu anajenga hajawa amejenga, na akishajenga hajengi tena. Na yako matendo ambayo mwisho wake umo ndani yake, kama kuona au kuishi vizuri: anayeona, papo hapo ameshaona, na hakuna hatua inayosubiriwa ili kuona kuwe kuona. La kwanza linaweza kuitwa mwendo, na la pili tendo kamili. Pingamizi dhidi ya kuuweka mpira katika kundi la pili liko wazi, kwa kuwa mechi ina dakika 90, ina mabao, na mechi iliyokatishwa na mvua haijawa mechi. Pingamizi hilo ni sahihi kuhusu mechi na si sahihi kuhusu kucheza. Mechi ni mwendo unaoelekea matokeo, lakini ndani yake kila anapogeuza nyonga kwa wakati, kila pasi inapomkuta mwenzake miguuni, kucheza kumeshatimia, bao lifungwe au lisifungwe. Kwa kipimo cha mechi, Twiga Stars ya 2010 haikukamilisha chochote Afrika Kusini. Kwa kipimo cha kucheza, hakuna kilichobaki nyuma.

Na tendo lililotimia huwa salama kuliko linalosubiriwa. Aristotle na, baada yake, Thomas wa Akwino walikubaliana kwamba lililokwisha kuwa haliwezi kufanywa lisiwe limekuwa, hata kwa uweza wa Mungu, kwa sababu kulifuta kungekuwa kuukanusha ukweli wenyewe. Wakati ujao wa mchezaji uko mashakani, na wakati wake uliopo ni goti linalouma; wakati wake uliopita ndio pekee usioweza kuibiwa. Kwa hiyo wito wa mwili unakoma kwa sababu umetimia, kama vile sala inavyokoma, na hakuna anayesema kwamba sala ilikuwa bure kwa kuwa imefika amina. Hapo ndipo insha hii inaposimama kuhusu maana.

Kuhusu riziki, falsafa ya tendo kamili haina la kusema, na ni unafiki kuitumia kana kwamba inalo. Aliyetimiza wito wake bado anakula, anaumwa, analipa kodi ya nyumba. Hapa swali la Agosti 2021 linapaswa kurudishwa kwa wale walionufaika, yaani taifa lililoimbiwa wimbo wake, chama cha soka, vilabu na watazamaji. Klabu za majeshi, kama JKT kwa wanawake, zimelijibu kwa njia ya kawaida kabisa kwa kumpa mchezaji ajira inayoendelea daluga zikishatundikwa. Wakazi wa Mollo, kata ya Sumbawanga ambayo wengi huijua kwa gereza lake la kilimo, wanaufahamu utaratibu huo kwa karibu, kwa kuwa Tanzania Prisons, timu ya wanaume ya jeshi la Magereza, iliwahi kuufanya Uwanja wa Nelson Mandela wa Sumbawanga kuwa wa nyumbani kwa mechi za Ligi Kuu. Mwajiriwa huyo akiacha kucheza hubaki askari. Klabu za kiraia zilizowapa wasichana wa mikoani nafasi ya kwanza mara nyingi hazina uwezo huo, na binti anayeonekana katika mashindano ya shule ya UMITASHUMTA au UMISSETA, akatoka Ufipa kwenda kucheza Dar es Salaam, anaondoka akiwa amebeba hatari ambayo hakuna aliyemweleza.

Linabaki tukio moja gumu ambalo jibu la tatu halilimalizi. Katika kila kikosi yuko mchezaji wa akiba aliyeitwa kambini, akafanya mazoezi yote, akavaa bipu, akapasha misuli moto kando ya mstari kila kipindi cha pili, na hakuingizwa. Miaka yake imepita kama ya wenzake, na goti lake linauma kama la wenzake. Anayedai kwamba thamani ya mchezaji wa zamani iko katika tendo lililotimia uwanjani anapaswa kumwambia mwanamke huyu kilichotimia kwake ni kipi. Inaweza kujibiwa kwamba mazoezi nayo ni kucheza, na jibu hilo lina ukweli kiasi, ila yeye mwenyewe anajua tofauti, na hakufanya mazoezi yote hayo kwa ajili ya mazoezi. Kwake yeye hoja ya maana inanyamaza na hoja ya haki peke yake ndiyo inayosimama: aliitwa, akaitika, akaacha shule au kazi kwa ajili hiyo, na aliyemwita anadaiwa kiasi kile kile anachodaiwa na nahodha.